Mtendaji kalipa laki tano, mkusanya ushuru kafungwa miaka 20: sheria inasemaje?

Msomaji kutoka mkoa wa Morogoro ameuliza hivi (nimefupisha kidogo): "Shikamoo wakili. Mtendaji wa kata yetu aliniomba shilingi 150,000 ili anigongee muhuri barua ya shamba. Nikaenda TAKUKURU, wakamkamata na fedha za mtego. Mahakama imemtia hatiani: faini laki tano au jela miaka mitatu. Kalipa siku ileile, kaenda zake nyumbani. Miezi michache kabla, kijana aliyekuwa anakusanya ushuru wa mazao kwa mashine ya POS katika halmashauri ya jirani alifungwa miaka 20 kwa kutopeleka benki milioni tisa na ushee. Hii ni haki? Mtumishi wa umma akivunja sheria adhabu yake hasa ni ipi? Na huyu wa kwetu, ndiyo basi, anarudi kukalia kiti kilekile?"

Marahaba, ndugu yangu. Kwanza nikupongeze kwa kwenda TAKUKURU badala ya kutoa mfukoni ukalalamika kijiweni. Ungetoa kimyakimya, nawe ungekuwa na kosa, maana kifungu kinachomhukumu mpokeaji kinamhukumu na mtoaji, kwa adhabu ileile. Na usidhani kilichomponza mtendaji ni zile noti kukutwa kwenye droo yake. Alipotamka tu "leta laki moja na nusu," kosa lilikuwa limekamilika. Kuomba peke yake kunatosha. Noti zilizoandikwa namba zake, zikatolewa nakala, ukasaini umezipokea, ni ushahidi wa kumfunga mdomo asije kusema umemsingizia.

Sasa adhabu. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinasema mtu akitiwa hatiani atalipa faini isiyopungua shilingi 500,000 na isiyozidi milioni moja, au atafungwa kwa muda usiopungua miaka mitatu na usiozidi mitano, au vyote viwili. Soma tena neno "au". Hakimu aliyempa mtendaji wako laki tano au miaka mitatu hakukosea. Alichukua kima cha chini cha faini na kima cha chini cha kifungo, na kwa mtu asiye na kosa la nyuma ndivyo mahakama nyingi zinavyofanya. Mwenye faini akilipa, mlango unafunguliwa.

Mimi binafsi naona kiwango hicho kimepitwa na wakati. Laki tano ya 2007 si laki tano ya leo, na kwa mtumishi anayeomba laki moja na nusu kwa kila muhuri, hiyo haifiki hata mihuri minne. Taifa hili limewahi kuwa kali kuliko hivyo. Sheria ya adhabu za chini ya mwaka 1963 haikumwachia hakimu nafasi ya faini: rushwa ilikuwa kifungo kisichopungua miaka miwili na viboko 24, nusu siku ya kuingia gerezani na nusu siku ya kutoka. Mwalimu Nyerere alipenda kuisimulia hadharani, na kuhusu vile viboko vya kutokea alikuwa akisema ni vya mtu kwenda kumwonyesha mkewe. Sisemi turudi huko, maana fimbo haijawahi kunishawishi kama sera. Nasema tu kwamba hii bei ndogo ya leo ilipangwa na watu, na watu wanaweza kuipanga upya.

Tuje kwa yule kijana wa POS. Hapa ndipo wasomaji wengi wanapopotea, kwa sababu wanapima uzito wa tendo: huyu kaomba, yule kala hela ya halmashauri, tofauti ya miaka 20 inatoka wapi? Inatoka kwenye hati ya mashtaka. Mahakama haimhukumu mtu kwa yote aliyoyafanya duniani, inamhukumu kwa kosa aliloshtakiwa nalo likathibitishwa. Kwa hiyo sehemu kubwa ya adhabu huamuliwa siku shtaka linapoandikwa, miezi mingi kabla hakimu hajafungua mdomo.

Mtendaji wako alishtakiwa kwa kifungu cha 15 peke yake. Kesi ya namna hiyo ni nyepesi kuifungua. Tangu ilipotungwa sheria ya 2007, kifungu hicho kiliachwa nje ya sharti la kupata kwanza kibali cha maandishi cha Mkurugenzi wa Mashtaka, yaani DPP. TAKUKURU wanakamata, wanakamilisha jalada, wanakwenda Mahakama ya Wilaya. Haraka, nafuu, na mara nyingi wanashinda.

Kijana wa POS kashtakiwa chini ya Sheria ya Uhujumu Uchumi, Sura ya 200. Kwa kawaida kesi hizi hubeba mashtaka mawili au matatu: ubadhirifu chini ya kifungu cha 28 cha Sheria ya Rushwa, na kuisababishia mamlaka hasara chini ya aya ya 10 ya Jedwali la Kwanza la Sura ya 200. Ushahidi wake haukwepeki. Mashine imetoa risiti, mfumo wa mapato umehesabu kila risiti kwa jina la aliyeingia na namba yake ya siri, na taarifa ya benki inaonyesha kilichowekwa. Mhasibu anasimama kizimbani kama shahidi, anasoma safu mbili za tarakimu, tofauti ndiyo kesi. Kijana anajitetea kwamba mashine ilikuwa mbovu, au kwamba bosi wake alichukua hela kwa maneno bila maandishi. Hana karatasi. Akitiwa hatiani, kifungu cha 60(2) cha Sura ya 200, baada ya marekebisho ya mwaka 2016, kinataka kifungo kisichopungua miaka 20 na kisichozidi 30. Hapo neno "au faini" halipo.

Sikiliza na hili: makosa ya Sheria ya Rushwa nayo yanaweza kusomwa pamoja na aya ya 21 ya jedwali hilohilo. Likisomwa hivyo, na kibali cha DPP kikapatikana, kosa lenye faini kwenye sheria moja linabeba miaka 20 kwenye sheria nyingine. Ni tendo lilelile, milango miwili. Nani anaingizwa mlango upi linabaki kuwa uamuzi wa waendesha mashtaka, na sheria haijaweka kipimo kilichoandikwa kinachoonekana kwa raia. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye tatizo. Hakimu anapewa lawama za bure.

Hili jina la uhujumu uchumi lina historia yake. Mwaka 1983, wakati wa Waziri Mkuu Edward Sokoine, maduka yalikuwa matupu na bidhaa zimefichwa, kukawa na msako nchi nzima. Watuhumiwa walipelekwa kwenye baraza maalumu bila dhamana na bila wakili. Mwaka uliofuata, 1984, ikatungwa Sheria Na. 13 ikarudisha kesi hizo mahakamani, na ndiyo Sura ya 200 ya leo. Ukali wake una mizizi katika msako ule, na kijana wa ushuru wa mazao anahukumiwa kwa sheria iliyozaliwa kwa ajili ya walanguzi.

Sasa utaniuliza, na wakubwa je? Uliza tu, wote wanauliza.

Mawaziri wa zamani Basil Mramba, aliyekuwa Fedha, na Daniel Yona, aliyekuwa Nishati na Madini, walifikishwa mahakamani mwaka 2008 kuhusu msamaha wa kodi kwa kampuni ya ukaguzi wa dhahabu ya Alex Stewart, ambao upande wa mashtaka ulisema uliitia serikali hasara ya shilingi bilioni 11.7. Kesi ilikwenda karibu miaka saba. Julai 2015 Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu ikawahukumu miaka mitatu jela na faini ya milioni tano kila mmoja. Mahakama Kuu ikapunguza hadi miaka miwili. Februari 2016 wakatolewa gerezani kumalizia adhabu kwa huduma ya jamii, na Dar es Salaam nzima ikazungumzia mawaziri wa zamani wakifanya usafi hospitali ya Palestina, Sinza.

Watu waliona ni mzaha. Kisheria haukuwa mzaha. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 inaruhusu kifungo kisichozidi miaka mitatu kitumikiwe nje ya gereza kwa kazi za umma zisizo na malipo, na inamhusu mwizi wa kuku kama inavyomhusu waziri. Ila linganisha: marekebisho ya miaka 20 yalipita mwaka huohuo wa 2016, na hukumu ya akina Mramba ilikuwa imeshatoka. Makosa yao yangetendwa baada ya hapo, huduma ya jamii isingekuwa na njia.

Amatus Liyumba, aliyekuwa mkurugenzi wa utumishi na utawala Benki Kuu, alishtakiwa kwa hasara ya shilingi bilioni 221 katika ujenzi wa yale majengo pacha. Shtaka la hasara likaanguka. Likabaki la matumizi mabaya ya madaraka, na Mei 2010 akafungwa miaka miwili. Balozi Costa Mahalu, katika kesi ya ununuzi wa jengo la ubalozi Roma, aliachiwa huru Agosti 2012, baada ya Rais mstaafu Benjamin Mkapa kwenda mwenyewe Kisutu kumtolea ushahidi wa utetezi.

Kesi hizi zinafundisha jambo ambalo halipendezi masikioni. Matumizi mabaya ya madaraka ni kosa gumu kulithibitisha. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Rushwa, ambacho adhabu yake ya asili ni faini isiyozidi milioni tano au kifungo kisichozidi miaka mitatu au vyote, hakimhukumu mtu kwa sababu tu alikiuka taratibu. Upande wa mashtaka lazima uonyeshe mambo mawili: kwamba alitenda kinyume cha sheria akiwa kazini, na kwamba alikusudia kujipatia au kumpatia mtu mwingine manufaa yasiyostahili. La kwanza hupatikana kwenye faili. La pili limo kichwani mwa mshtakiwa. Mkubwa huwa na barua ya idhini kutoka juu, maoni ya mwanasheria, muhtasari wa kikao cha bodi. Saini zimetapakaa mpaka hujui umshike nani. Mkusanya ushuru ana POS moja na jina moja. Ukitaka kujua kwa nini magereza yana wadogo wengi kuliko wakubwa, anzia kwenye aina ya ushahidi kabla hujafika kwenye njama, ingawa njama nazo zipo.

Kuna jambo la pili watu hulichanganya na adhabu. Miaka ya Rais Magufuli tulizoea kusikia fulani "katumbuliwa". Kutumbuliwa si adhabu ya mahakama. Ni uteuzi kutenguliwa, na aliyetenguliwa anaweza kuwa na hatia au asiwe nayo. Nidhamu kwa watumishi wa umma ina utaratibu wake chini ya Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2002 na kanuni zake: hati ya mashtaka ya kinidhamu, muda wa kujitetea kwa maandishi, uchunguzi, kisha uamuzi, ambao unaweza kuwa onyo, kushushwa cheo, kupunguzwa mshahara au kufukuzwa kazi. Asiyeridhika hukata rufaa Tume ya Utumishi wa Umma.

Wakati mwingine njia hiyo ndiyo pekee inayotumika. Aprili 2017 serikali ilitangaza watumishi 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi. Kughushi ni jinai yenye kifungo kirefu, na walionywa kwamba asiyeondoka mwenyewe atashtakiwa. Wengi wao waliondoka kazini na mambo yakaishia hapo, na mwaka 2022 serikali ikaamua warudishiwe michango yao wenyewe waliyokatwa kwenye mishahara. Ukipima, maelfu ya watu walivunja Kanuni ya Adhabu na adhabu yao ikawa kupoteza ajira. Nani angewafungulia kesi wote wale? Mahakama zetu zingesimama.

Kwa hiyo mtendaji wako anarudi ofisini? Kulipa faini kumemaliza kesi ya jinai tu. Hatia yenyewe ipo pale pale, na hatia ya rushwa ni sababu tosha kwa mamlaka yake ya nidhamu kumfukuza. Wakati kesi inaendelea, huenda alisimamishwa na kupokea nusu mshahara. Sasa faili lake liko mezani kwa Mkurugenzi wa Halmashauri. Nimeona mafaili ya namna hiyo yakikaa kabatini mwaka mzima kwa sababu hakuna aliyepeleka nakala ya hukumu, na mtu akarudi kazini kama aliyetoka likizo. Hiyo si sheria kushindwa, ni karatasi kutofika.

Mali nayo haiachwi. Mahakama inaweza kuamuru aliyehukumiwa arudishe thamani ya alichopokea, alipe fidia, na mali iliyotokana na uhalifu itaifishwe. Kwa kesi za hasara, amri ya fidia hutolewa pamoja na kifungo, kwa hiyo kijana wa POS akitoka baada ya miaka hiyo bado anadaiwa zile milioni tisa, kama hakuzilipa. Na tangu 2019 sheria inaruhusu mshtakiwa na DPP kukubaliana: anakiri, anarudisha fedha, anapata adhabu nafuu. Septemba mwaka huo Rais Magufuli alishauri washtakiwa wa uhujumu uchumi wapewe siku saba za kuomba msamaha, na DPP akaripoti kwamba watu 467 walikuwa tayari kurejesha zaidi ya shilingi bilioni 107. Hawakuwa watumishi wote, wafanyabiashara walikuwamo. Ila unaona mwenye cha kurudisha ana mlango ambao mkusanya ushuru aliyeshakula hela hana.

Wasomaji wa Kenya hunikumbusha kila mara kwamba wao wana njia nyingine, na kwa hili nawaonea wivu kidogo. Kifungu cha 48 cha sheria yao ya rushwa ya 2003 kinatoa faini isiyozidi shilingi milioni moja au kifungo kisichozidi miaka 10 au vyote, halafu juu yake kinaweka faini ya lazima: mara mbili ya faida aliyoipata mkosaji au hasara aliyoisababisha. Ndiyo maana Februari 2025 gavana wa zamani wa Kiambu, Ferdinand Waititu, katika kesi ya zabuni ya barabara ya shilingi milioni 588 za Kenya, alipewa achague faini ya shilingi milioni 53.5 au kifungo cha miaka 12. Aliyetiwa hatiani huzuiwa pia kushika wadhifa wa umma kwa miaka 10. Tena Julai 2019, katika shauri la aliyekuwa gavana wa Samburu, Moses Lenolkulal, Jaji Mumbi Ngugi alikubali kwamba gavana aliyeshtakiwa asikanyage ofisini kesi ikiendelea. Faini inayofuata ukubwa wa mlungula ingemfaa sana mtendaji wako, ambaye kama angeomba milioni tatu bado kima cha juu cha faini yake kingekuwa milioni moja.

Yaliyo mikononi mwako sasa ni haya. Rufaa dhidi ya adhabu huwezi kukata wewe, kwa sababu katika kesi ya jinai ulikuwa shahidi. Mwenye kesi ni Jamhuri, na adhabu iliyo ndani ya mipaka ya kifungu ni ngumu kuitengua. Nenda masjala ya Mahakama ya Wilaya na namba ya kesi, omba nakala ya hukumu. Iambatishe kwenye barua fupi kwa Mkurugenzi wa Halmashauri ukimuuliza hatua za nidhamu zimefikia wapi, nakala kwa ofisi ya TAKUKURU ya wilaya. Usiiache kwa mlinzi. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na usipojibiwa, barua ya pili ipeleke kwa Katibu Tawala wa Mkoa ukiambatisha ya kwanza.

Na ukianza kuona barua yako ya shamba inazungushwa, au ndugu zake wanakutumia vijembe na vitisho, usingoje vikomae. Watoa taarifa na mashahidi wana sheria yao ya ulinzi ya mwaka 2015, na kumsumbua mtu kwa sababu aliripoti ni jambo la kuripoti upya. Andika tarehe, jina la aliyesema na maneno yenyewe, halafu piga 113. Simu ni bure.